Kona ya Dada: Mishale ya bure, ukuta wa kulipia

Haya wadogo zangu, leo ni gemu. Najua wapo waliofungua ukurasa huu wakitegemea habari za wachumba na mawifi, lakini siku hizi maswali ya gemu yanakaribia kuyapita ya wachumba, na dada akiulizwa hujibu. Wanaoniuliza wako makundi mawili. Kuna vijana: "Dada, nitajie gemu ya bure isiyokula bando, ya kupotezea muda kwenye foleni." Na kuna wazazi na walezi: "Dada, mtoto hashikiki, kutwa anapiga mishale kwenye simu yangu. Hiyo ni gemu gani, na ina madhara?" Kinachonichekesha ni kwamba mara nyingi makundi yote mawili yanaongelea kitu kilekile. Ngome iko upande mmoja, madude yanatokea upande wa pili, na katikati hakuna kitu ila mishale yako.

Gemu za kulinda ngome kwa upinde ni nyingi, tukizitaja zote tutakesha. Nitaishika moja, Defender II ya kampuni iitwayo DroidHen, kwa sababu imekaa kwenye simu za watu miaka mingi, na kwa sababu mema na mabaya ya ukoo wake wote utayakuta humo. Ukiielewa hiyo, nyingine utazipima mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Inachezwa hivi. Unaishika simu kwa ulalo. Kushoto una ukuta wako na mpiga upinde, kulia uwanja mtupu. Unaweka kidole pale unapotaka mshale uende, na usipokiachia, mishale inatoka mfululizo, ukikisogeza, inakifuata. Basi. Hakuna vitufe kumi vya kukariri wala somo la dakika tano la kukufundisha kutembea. Madude yanakuja, mengine madogo ya kufa kwa mshale mmoja, mengine mazito yanayomeza mishale kama hayana habari, na wapo wakorofi wanaosimama mbali na kuurushia ukuta vitu bila kuusogelea. Wanaoufikia wanaanza kuubomoa. Ukuta ukiisha umeshindwa, unairudia hatua ileile. Wakiisha wao, unapewa sarafu na unaingia dukani kununua nguvu.

Halafu kuna uchawi, ambao ni wa aina 3: moto, barafu na umeme. Alama zake zimekaa pembeni, unaikamata moja, unaiburuta hadi uwanjani na kuiachia juu ya vichwa vya watu. Kila ukiutumia unakula akiba ya nguvu inayoitwa mana, na mana hujaa tena taratibu, kwa hiyo hapo ndipo akili inapoanza kuhitajika. Mwenye papara anaumwaga wote dude la kwanza likitokea. Mwenye utulivu anasubiri wakusanyike chini ya ukuta, anawagandisha kwa barafu, kisha anawamaliza kwa mishale wakiwa wamesimama kama masanamu. Nakwambia ukweli, raha ya gemu hii nzima iko katika ile sekunde moja ya kusubiri. Kila kitu kingine ni cha kawaida.

Wazazi wa dini mlioshtuka kwa neno uchawi, nimewasikia. Humu hakuna tunguri wala mizimu. Ni rangi za moto na barafu zinazopita kwenye kioo. Damu yake si ya kumnyima mtoto usingizi. Ukiniuliza nini kinanitia wasiwasi kwenye gemu hii, uchawi hautaingia hata kwenye orodha. Tutafika huko.

Kwanza tuipe haki yake. Uzuri wa kwanza kwa mtu wa huku kwetu ni kwamba hatua za kawaida unazicheza bila intaneti. Unazima data, unacheza. Tofauti na gemu za mpira na za bunduki ambazo zinataka mtandao kila dakika, hii ukishaipakua inakaa nawe kwenye basi la mkoani hata mnara ukipotea. Kinachotaka mtandao ni sehemu ya kushindana na wachezaji wengine, na hiyo unaweza kuiacha bila kupungukiwa kitu. Uzuri wa pili ni uzito. Ni gemu ndogo sana ukiiweka kando ya eFootball au Free Fire, haikulazimishi kufuta picha za harusi ya dada yako ili ipate nafasi, na simu ya kawaida ya Android haitachemka mkononi. Na raundi zake ni fupi. Ukiitwa "njoo uteke maji" huna sababu ya kujibu "subiri kidogo" mara sita. Watoto watawadanganya kwamba haiwezi kusimamishwa katikati. Inaweza.

Uzuri wa tatu ndio ninaoupenda, na nitakaa hapo kidogo. Duka la gemu hii linafundisha hesabu bila kusema kwamba linafundisha hesabu. Ukiwa na sarafu zako unakuta milango mingi: ongeza nguvu ya mshale, ongeza kasi ya kupiga, ongeza idadi ya mishale inayotoka kwa mpigo mmoja, imarisha ukuta, chimba handaki la lava mbele yake, jenga mnara wa uchawi. Sarafu hazitoshi kwa vyote. Sasa tazama wachezaji wengi wanavyofanya. Wanachagua kimoja, kawaida nguvu ya mshale, wanakijaza, halafu wanalalamika kwamba gemu ni ngumu.

Tuseme mshale wako unatoa madhara 10 na unapiga mishale 2 kwa sekunde. Kila sekunde unatoa 20. Ukiongeza nguvu iwe 15, unatoa 30. Ukiiacha nguvu kwenye 10 ukaongeza kasi iwe mishale 3, unatoa 30 vilevile. Lakini ukiongeza vyote viwili kwa pamoja hupati 40, unapata 45, kwa sababu hivi vitu vinazidishana, havijumlishwi. Na idadi ya mishale kwa mpigo nayo inazidisha juu ya hapo: 45 ikiwa mishale miwili kwa mpigo na yote ikapata shabaha ni 90. Kwa hiyo, mdogo wangu, pandisha nguvu na kasi zikifuatana, usiache moja ikimbie, na idadi ya mishale uinunue mapema kadiri mfuko unavyoruhusu. Hizo namba ni za mfano, zako utazisoma kwenye kioo, ila kanuni ni hiyo. Mtoto wa darasa la sita akiigundua mwenyewe, amejifunza kitu ambacho ubaoni kingemchosha.

Ukuta uuongezee pale tu unapoona umebaki na kidonda kila mwisho wa hatua. Ukimaliza hatua na ukuta mzima, maana yake ni kwamba sarafu ulizoweka ukutani zingefanya kazi kubwa zaidi kwenye upinde. Handaki la lava ni zuri kwa mtu mvivu, linachoma wanaosogea wewe ukishughulika na wale wa mbali. Wale wanaorusha kutoka mbali ndio wa kupiga kwanza, kila mara, hata kama kuna dude kubwa linatisha mbele yao. Dude kubwa litachukua muda kufika. Yule wa mbali ameshafika tayari, maana hahitaji kufika.

Kuna pia mshale wa sumu, na hapa mniruhusu nichepuke, kwa kuwa mtu akiona sumu kwenye mshale anadhani ni ndoto za watengeneza gemu. Sumu ya mishale ni ya hapahapa kwetu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde na wanazo sumu zao za mimea. Wakamba na Wagiriama nao waliutumia mti wa msunguti, wakichemsha magome na vijiti vyake mpaka ikabaki lami nyeusi ya kupaka nyuma ya chembe ya mshale. Sumu ile inaushika moyo. Mwindaji aliitunza kwa kuifunga ngozi juu yake isikauke na isimguse yeye mwenyewe. Kwenye gemu unabonyeza tu, sarafu zinapungua, mishale inakuwa na sumu. Na podo halina mwisho! Mpiga upinde wa kweli anahesabu mishale yake, anaifuata majanini kuiokota. Wa kwenye simu hajawahi kuinama. Sisemi ni dosari, gemu ya kuokota mishale nani angeicheza, ila mtoto wako akikuuliza upinde wa kweli ukoje, una la kumwambia.

Sasa mabaya.

La kwanza ni dogo: inachosha. Uwanja ni uleule, ukuta uleule, madude yanabadilika sura na kuongezeka uzito, lakini kazi ya kidole haibadiliki. Hadithi hakuna. Hujui ngome ni ya nani wala hao wanaoishambulia wana shida gani. Mtu anayependa gemu yenye mambo ataiweka chini mapema na hatokosea.

La pili ni kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Mwanzoni gemu inakupima shabaha. Unakosea, unajifunza, unasonga. Siku za mwanzo kila ukishindwa unajua kwa nini umeshindwa: ulichelewa barafu, ulimwacha yule wa mbali, ulinunua ukuta badala ya kasi. Halafu unafika mahali shabaha yako haina kosa, barafu umeidondosha panapotakiwa, na bado ukuta unaanguka. Unarudia, unaanguka. Unarudia. Hapo ujue gemu imeacha kukupima wewe, imeanza kukupima mfuko. Uhai wa madude unapanda kila hatua, sarafu unazopata hazipandi kwa mwendo huo, na tofauti iliyopo katikati unaweza kuiziba kwa njia mbili tu: kurudia sana ukikusanya sarafu kidogo kidogo, au kununua fuwele kwa pesa halisi. Sarafu ni za kupigania, fuwele zinapatikana kwa nadra ukicheza na kwa wingi ukilipa. Ndiyo maana duka lina aina mbili za pesa. Ukiona gemu yoyote ya bure yenye aina mbili za pesa, ya pili ndiyo mshahara wa mwenye gemu.

Simlaumu mwenye gemu kwa kutaka kula. Kutengeneza gemu ni kazi, na watu wana watoto. Ninachotaka ujue ni kwamba ule ugumu haukutokea kwa bahati mbaya, na kushindwa kwako pale si uzembe. Vijana wengi wanaona aibu, wanajibana, wanarudia hatua moja usiku mzima wakidhani ni mikono yao. Mikono yako haina tatizo, mdogo wangu.

Neno "bure" halikuwa na maana hii zamani. Ninyi wenye umri wangu mliowahi kulipia nusu saa kwenye intaneti kafe mnakumbuka gemu za Flash, zilizochezwa ndani ya kivinjari. Kulikuwa na Defend Your Castle ya XGen Studios ya Kanada, iliyotoka 2003: vijitu vya mistari vinakimbilia ngome yako, unavikamata kwa mausi na kuvirusha juu vikaanguke vyenyewe, na baadaye unajiwekea wapiga upinde mnarani. Kulikuwa na Bowmaster Prelude, ambayo mshale wake ulikwenda kwa mpindo kama mshale wa kweli, ukilenga chini unaangukia njiani, ukilenga juu unampita adui. Kwa shabaha, Bowmaster iliipita Defender II mbali, sioni ubishi hapo. Kwenye Defender II mshale unakwenda ulikogusa, moja kwa moja, kazi ya jicho ni ndogo. Na gemu zile hazikukuuzia chochote ndani yake. Mwenye tovuti alikula kwa matangazo ya pembeni mwa ukurasa, wewe ulimlipa mwenye kafe, mkaachana. Ukiwa na muda na mkono, ulifika mwisho. Adobe walipoacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, gemu zile zikazimika kwenye vivinjari, ingawa wapo wapenzi wanaozihifadhi na kuzichezesha kwa njia nyingine.

Upande mwingine wa safari hii ya gemu za ngome ni Grow Castle ya RAON Games ya Korea Kusini. Nayo ni ngome, nayo ina wapiga upinde, wamejipanga kwenye vyumba vya mnara. Ila humo ukitaka, gemu inajichezesha yenyewe. Unaiwashia vita vya kujiendesha, unaiweka simu mezani, unakuja kukusanya dhahabu na kuongeza nguvu. Mawimbi ya maadui yanahesabika kwa maelfu na mwisho huuoni. Wapo wanaoipenda kwelikweli, wanajiunga vikundi na kushindania nafasi. Mimi naona kama mtu hapigi mshale mwenyewe, basi anafuga namba. Kila mtu na starehe yake.

Gemu nyingi za ukoo huu siku hizi pia zinakupa zawadi ukitazama tangazo. Nusu dakika ya tangazo, fuwele kadhaa. Inaonekana rahisi, lakini hilo tangazo ni video, na video inalipwa na bando lako. Kijana anayesema "mimi sijawahi kulipa hata shilingi" huku anatazama matangazo mfululizo amelipa, tena kamlipa mwenye mtandao wa simu pamoja na mwenye gemu. Ukizima data matangazo hayaji. Zawadi zake utazikosa, na utashangaa jinsi usivyozihitaji katika hatua za mwanzo ambazo ndizo zenye raha.

Najua wapo wanaonicheka hapa. "Dada, kwani hujui kuna zile zilizochakachuliwa? Sarafu hazina mwisho." Nazijua. Unazipata kwenye kurasa za ajabuajabu nje ya Play Store, unaiambia simu iruhusu programu kutoka vyanzo isivyovijua, halafu unaipakia. Fikiria unachokifanya. Umechukua programu iliyofunguliwa na kushonwa upya na mtu usiyemjua, umeiweka kwenye simu hiyohiyo yenye M-Pesa yako, meseji za benki na picha za mtoto. Huyo mtu alikufanyia kazi yote hiyo bure kwa upendo gani? Na hata ikiwa salama, gemu yenyewe inakufa. Ukiwa na sarafu zisizoisha hakuna cha kuchagua dukani, unabonyeza kila kitu, unapiga madude yanayoanguka yenyewe, na baada ya jioni moja umeifuta. Umejiibia ile hesabu ya 45.

Kwenu wazazi sasa, na hapa sitabembeleza. Hatari ya gemu hii nyumbani haiko kwenye mishale, iko kwenye akaunti ya Google iliyo na kadi. Siku hizi watu wengi wana kadi, hata wasio na benki. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa unaitengeneza kwa dakika chache ukalipia kitu kimoja, kisha unaisahau ndani ya simu. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba fuwele ni mshahara wako. Anaona kitufe, anabonyeza, ngome inapona.

Hili si la kufikirika. Nchini Marekani, mwaka 2014, tume ya serikali ya kulinda walaji, FTC, iliwabana Apple na Google kwa malalamiko ya wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila wao kujua. Apple walikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, Google angalau dola milioni 19. Tatizo lilikuwa dogo tu kulitaja: mzazi akishaweka nywila mara moja, mlango ulibaki wazi dakika 15 kwa Apple na dakika 30 kwa Google, na ndani ya muda huo mtoto angeweza kununua tena na tena bila kuulizwa. Mzazi alidhani ameruhusu kitu kimoja.

Kwa hiyo fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitisho wa ununuzi, na uchague ile inayodai nywila kila unaponunua. Usiridhike na ile ya kila baada ya dakika 30. Umeshaona iliwafikisha wapi wenzetu. Nywila yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana huo anaujua kuliko wewe. Kama simu inafunguka kwa alama ya kidole na kidole cha mtoto kimo, kitoe. Na kama kadi huna haja nayo, iondoe kwenye akaunti kabisa. Ikitokea maji yamemwagika, usianze kwa kumchapa mtoto. Google huruhusu kuomba kurudishiwa pesa ndani ya saa 48 tangu ununuzi, kwa hiyo anza hapo, haraka, saa zinakimbia. Ukichelewa, huenda ukabaki kumwandikia mtengenezaji wa gemu na kungoja huruma yake.

Pale chini ya jina la gemu kwenye Play Store huwa kuna maandishi madogo yanayosema kama ina matangazo na kama kuna vitu vinavyouzwa ndani. Karibu hakuna anayeyasoma. Yasome kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua; ni maneno machache yanayokuambia utalipaje hiyo bure yako.

Mmoja aliniuliza: "Nimzuie kabisa?" Mimi singemzuia. Mtoto aliyezuiwa ataicheza kwa jirani, kwenye simu ambayo hukuiwekea nywila. Mpe muda unaojulikana, kazi za shule zikiwa zimekwisha, data imezimwa, na kaa naye siku ya kwanza. Mwulize kwa nini amenunua kasi badala ya ukuta. Akikujibu vizuri, mwache. Akikujibu "sijui, nimebonyeza tu," mwoneshe ile hesabu. Kwa wanaojiandaa na mitihani ya taifa ni habari nyingine: simu ikae kwa mama mpaka karatasi ya mwisho, gemu iwe nzuri au mbaya.

Na wewe kijana uliyeuliza ya kupotezea muda kwenye foleni, jibu langu ni hili. Ipakue. Zima data. Usiguse fuwele ulizopewa mwanzoni, zitunze mpaka ujue unachokihitaji, kwa sababu gemu itakushawishi uzimalize dakika za mwanzo ili uzoee ladha yake. Pinde za kupendeza zitakuita. Soma namba zake kabla ya rangi. Sehemu ya kushindana na watu iache, maana humo utakutana na waliolipa, na upinde wako wa jasho hautafua dafu. Cheza kwa raha mpaka ufike ile hatua ambayo umepiga bila kosa na bado ukuta umeanguka. Irudie siku mbili tatu, ujiridhishe. Ikikataa, ifute kwa amani. Umeshaimaliza, kilichobaki humo ni duka.

Kwa uamuzi wa dada yenu: gemu ni nzuri kwa nusu yake ya kwanza, na hiyo nusu kweli ni ya bure. Nusu ya pili msiinunue. Na wewe mama unayesoma hapa huku mtoto ameishika simu yako muda huu, mwombe kwa dakika moja, uiweke hiyo nywila ya ununuzi, kisha umrudishie.